Jina Hili Liko katika Miili Mingapi?

Maandishi yalimwota Machano kifuani, upande wa kulia, mchana kweupe, akiwa ameshika tonge la ugali mkononi. Hayakuuma. Yalijitokeza taratibu kama unyevu unavyojitokeza ukutani, rangi ya majivu, herufi moja baada ya nyingine, mpaka yakasomeka: MTU HUYU HAJATHIBITISHWA. Mkewe, Sikudhani, aliyaona kabla yake, kwa sababu yalipenya kanzu kana kwamba kanzu haipo. Alikuwa ameinua upawa wa mchuzi. Akaurudisha chunguni bila kupakua.

"Mbona unaniangalia hivyo?" Machano aliuliza.

"Kula kwanza."

"Sikudhani. Nina nini?"

"Kula kwanza, mume wangu, kitapoa."

Hakula. Alijitazama, akalamba kidole gumba, akayasugua kama mtu anayefuta masizi. Akasugua kwa jivu. Akasugua kwa jiwe la kusugulia miguu, mpaka ngozi ikachubuka na damu ikateremka mbavuni. Na maandishi yakabaki juu ya damu, safi, yanaelea.

Mji ule haukuwa na jina, au ulikuwa nalo ila hakuna aliyeruhusiwa kulijua. Barabara zake zilinyooka kama zimechorwa kwa rula, zikipinda kwa pembe kali bila sababu iliyoonekana, na chini ya kila kitu ulikuwako mvumo, kama wa nyuki waliojengewa ndani ya ukuta, usionyamaza. Jua halikwenda popote. Watu wake hawakuzeeka kwa mara moja. Walizeeka kipande kipande, na kipande kilichochoka kiling'olewa kikawekwa kingine. Machano mwenyewe alikuwa na mkono wa kushoto uliowahi kuwa wa mfinyanzi, na jicho ambalo hakujua lilikuwa la nani, ila wakati mwingine lililia peke yake. Kila alipobadilisha kipande, Mji ulimkazia macho kidogo, kama mlinzi anavyomkazia macho mtu aliyenyoa ndevu, kisha ukampisha. Kwa maana Mji uliwapima watu kwa mizani yake. Mkono ulikuwa na uzito mdogo. Jicho, uzito mdogo. Moyo, uzito wa kati. Lakini mgongo ndio uliokuwa mtu. Leseni ya kuwa mtu, kwa yule aliyezaliwa nayo, ilishonwa kwenye uti wa mgongo, na uti ukiondoka, nayo inaondoka. Walikuwapo wengine wachache, wa majumba ya juu, wenye leseni ya kununua, inayomfuata mwenyewe hata akibadilisha mifupa yote. Machano hakuwa katika hao. Alizaliwa na leseni yake kama alivyozaliwa na masikio.

Zamani, alipokuwa mzima, aliwahi kulifanyia jambo hilo mzaha. Kama mkono si mimi, alisema, na jicho si mimi, na moyo uliosimama ukabadilishwa si mimi, vipi huu uti ambao sijawahi hata kuuona kwa macho yangu ndio uwe mimi? Na Sikudhani alimjibu, akiwa amelala nyuma yake, shavu limetulia katika bonde lililo kati ya mabega yake: mimi ninauona, lala.

Uti huo ulivunjwa na walinzi wa Mji. Machano alikuwa akipandisha mawe ya ukuta, akatua mzigo kabla ya kuamriwa kutua. Walimpiga kwa nondo, bila hasira, wakipokezana, kama watu wanaotwanga. Pingili moja ilipasuka, na kutoka hapo miguu yake ikawa vitu viwili vilivyomfuata nyuma akiburutwa. Sikudhani alimpeleka kwa Fundi Shaame, mzee mwenye mikono mikubwa iliyonuka mafuta na damu, ambaye alimpasua kutoka shingo hadi nyonga, akautoa mgongo wa zamani, akamtia mpya kabisa kutoka bohari ya Mji. Ulikuwa mgongo mweupe, ulionyooka, ambao haujawahi kubeba kitu.

Sasa, mafundi wa miili walikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuiruka. Mgongo uliotolewa huwekwa juu ya jiwe na kuvunjwa vipande vitatu mbele ya yule anayelala karibu na mgonjwa usiku. Ndipo jina linapoachia mfupa na kupata njia ya kuhama. Shaame aliweka mgongo juu ya jiwe. Akainua nyundo. Sikudhani akalala juu ya jiwe lile kifudifudi.

"Ondoka hapo, mwanangu."

"Usiuvunje."

"Lazima uvunjwe."

"Huu ndio niliolalia shavu langu tangu niolewe. Umevunjwa mara moja, hautavunjwa tena mbele ya macho yangu. Nipe niuoshe. Nipe niukafini, niuzike mzima, kama anavyozikwa mtu."

"Jina halitatoka."

"Jina lake ninalo mimi mdomoni. Nitamwita, ataitika."

Shaame alikuwa amechoka, na amefanya kazi ile miaka mingi, na mbele yake alikuwapo mwanamke anayelia juu ya mfupa. Aliishusha nyundo. "Haya," alisema. "Ila uchimbe kirefu."

Ardhi ya Mji ule ni ngumu. Sikudhani alichimba kwa mikono mpaka kucha zikang'oka, na bado shimo halikupita kiwiko. Akaulaza mgongo humo, umevikwa kanga yake ya arusi, akaufukia. Aliporudi siku nyingine kulimwagia maji kaburi hilo, alikuta shimo wazi na kanga imetupwa pembeni. Hakumwambia mtu. Alijiambia ni mbwa.

Hayo ndiyo yaliyotangulia. Na sasa maandishi yalikuwa kifuani.

Mambo yaliyofuata yalikuja kwa mpangilio, kama yaliyoandaliwa na mtu mwenye subira. Kila nguo aliyovaa Machano iligeuka nyeusi. Alivaa shati la kijani, likawa jeusi. Alijifunga shuka la mkewe lenye maua, maua yakafa. Kisha akaanza kuzimika. Alikuwa akizungumza, na katikati ya neno macho yake yanatulia, mwili unaanguka ulivyo, kichwa kinagonga sakafu. Halafu anafumbua macho, anaanza upya mwanzoni mwa sentensi, hajui kwamba ameanguka, anashangaa tu damu imetoka wapi. Na kila alipoamka, maandishi yalikuwa yamepanda kidogo kuelekea shingoni.

Alienda bombani kuchota maji. Watu wa mtaa walikuwapo, wale wale aliowasaidia kuezeka, aliocheza nao bao.

"Si Machano huyu?" mmoja aliuliza.

"Alikuwa."

"Hebu msukume uone. Hana mwenyewe."

Wakamsukuma. Mwanamke mmoja alimpiga kwa ndoo, kwanza kwa kujaribu, kama anayegonga mlango wa nyumba asiyoijua, kisha kwa nguvu. Sheria haikukataza. Kumpiga asiyethibitishwa si kumpiga mtu. Walimpiga kwa ndoo, kwa kandambili, kwa vipande vya tofali, wakicheka kicheko cha watu waliotoka kazini.

"Analia, jamani, kama mtu!"

"Wanaiga tu hao."

"Hii ni ya nondo mlizonipiga mie!" mwingine alifoka, ingawa Machano hakuwahi kumpiga mtu nondo maishani mwake. Hiyo ndiyo faida ya mwili usio na jina: kila mtu anaweza kumpiga humo adui yake. Sikudhani alipofika, alimkuta ameketi kwenye tope jekundu, mgongo wake mpya umesimama wima kama mlingoti, haukuinama hata kwa kipigo. Alimnyanyua. Na mumewe hakumwegemea. Alitembea mbele yake mpaka nyumbani, akaingia, akaokota chungu cha mchuzi, akakipiga ukutani. Kisha akaokota vipande, akavipiga tena.

Usiku wa huko hauna giza, lakini watu hulala. Machano wa zamani alilala ubavu, uso mlangoni, akimwachia mkewe upande wa ukuta. Huyu alilala chali, macho wazi. Sikudhani alijaribu kumgeuza. Hakugeuka.

"Bado ni wewe," alimwambia.

"Nani?"

"Wewe. Machano."

"Sema tena."

"Machano."

"Tena. Ukisema, kwa muda kidogo mvumo unapungua." Akajipapasa. "Mkono si mimi. Jicho si mimi. Mgongo... Nimelala hapa ninajitafuta kama mtu anayetafuta taa ndani ya nyumba aliyohamia leo. Napapasa. Hapa ukuta. Hapa ukuta. Hapa pana mtu analia, lakini ni jicho tu."

Wakaenda Langoni.

Lango la Mji halikuwa na mlango. Lilikuwa ukuta wa shaba wenye vitundu vidogo visivyohesabika, na kupitia vitundu hivyo ilitoka Sauti, ya kike, ya upole, isiyochoka wala kukasirika.

"Karibu. Tafadhali eleza tatizo lako."

"Nimebadilishwa mgongo," alisema Machano.

"Pole. Leseni yako ilikuwa ya kuzaliwa nayo au ya kununua?"

"Ya kuzaliwa nayo."

"Leseni ya kuzaliwa nayo hufa pamoja na mgongo. Je, kuna jambo lingine tunaloweza kukusaidia?"

Sikudhani alisogea mbele. "Hakuubadilisha kwa kupenda. Ulivunjwa."

"Ulivunjwa na nani?"

"Na nyinyi."

Mvumo ulipanda kidogo, ukashuka. "Mgongo ukivunjwa na Mji, leseni huhamishiwa mgongo mpya, mara moja tu. Tunafurahi kukusaidia. Tafadhali subiri." Wakasubiri. "Samahani. Jina hili linatumika katika mwili mwingine. Jina hili leo limekula, limetembea, limesalimiwa na mlinzi kwenye matanuri ya matofali. Jina moja, mwili mmoja. Litakapobaki katika mwili mmoja, rudini. Hapo tutamwuliza shahidi, aliyelala karibu naye. Mwenye jina hatumwulizi, kwani kila mwenye jina hujibu kwamba ni yeye. Maandishi yakifika kooni kabla hamjarudi, mwili huu utazimwa. Asante kwa subira yako."

Machano aligeuka, akamtazama mkewe. Alijua. Hakuuliza mfupa ulizikwa kina gani. Alimshika mkono, akaukaza kidogo, akaukaza zaidi, mpaka kidole chake kimoja kikatoa sauti ya kijiti.

"Ulinihurumia," alisema. Ndipo akauachia.

Matanuri yalikuwa ukingoni, mahali ambapo barabara zilizonyooka zinakatika ghafla kana kwamba mchoraji aliitwa na mtu. Huko mashimoni waliishi waliozaliwa bila leseni. Walichimba udongo, na usipochimbwa udongo walichimba vitu vingine. Waliwaelekeza bila kuulizwa mara mbili: Machano? Yule pale.

Aliketi amewapa mgongo, kijitu kifupi, akipanga matofali mabichi juani. Sikudhani alisimama. Uso wa mtu huyo hakuuona bado, na hakuuhitaji. Aliliona bega la kushoto lililolala. Aliliona lile bonde kati ya mabega. Pingili moja ilikuwa imefungwa kwa waya, ngozi ikavimba juu yake, na zaidi ya hapo palikuwa pale pale alipopajua kuliko alivyoujua mkono wake mwenyewe. Shavu lake likapata moto.

"Wewe ndiye Machano?" mumewe aliuliza.

Mtu yule aligeuka. Uso ulikuwa wa mgeni kabisa, wenye makovu, mpole. "Ndiyo mimi. Karibuni. Maji yapo mtungini." Alilitamka jina taratibu, kama mtu abebaye kikombe kilichojaa mpaka juu.

"Jina hilo ni langu."

Mgeni aliyaona maandishi yaliyokwisha kufika kwenye mtulinga, chini ya shingo. Aliweka tofali chini kwa uangalifu. "Ah," alisema. "Basi umekuja. Nilijua kuna mtu. Mgongo ulikuja na ndoto ambazo sijazilala mimi."

"Kabla ya hapo uliitwa nani?" Sikudhani aliuliza.

"Wewe. Ndiyo jina. Wewe, leta. Wewe, toka. Wewe, lala chini tukupige. Mgongo niliozaliwa nao ulikuwa laini, bibie, kama wa samaki. Nimepigwa na kila mtu unayemjua. Siku nilipotiwa huu, mlinzi alipita hapa, akaniambia, 'Habari za asubuhi, Machano.' Nilienda nyuma ya tanuri nikalia mpaka nikatapika."

Alisogea kwenye gogo alilokalia. Alisogea bila kufikiri, ubavu, uso wake kwenye njia, akaacha nafasi upande wa ukuta wa tanuri. Na Sikudhani akaiona nafasi ile, ukubwa wake, ni ya nani. Miguu ilimtaka akae. Akajizuia.

"Hakuna njia nyingine?" aliuliza, bila kujua anamwuliza nani. "Twende kwa Shaame. Labda..."

"Labda nini?" Machano alisema. "Jina moja, mwili mmoja. Umesikia kwa masikio yako." Alikuwa ameokota nyundo ya kuvunjia matofali mabovu.

Mgeni hakukimbia. Aliinua mikono. "Kaka, nivunje hii. Ng'oa macho. Kama ni miguu, chukua, nitatambaa. Mgongo niachie. Nimeitwa kwa muda mfupi sana."

"Mikono haina uzito," alisema Machano.

Pigo la kwanza lilimpata mgeni sikioni, akaanguka juu ya matofali mabichi, uso ukaacha alama yake kwenye udongo. La pili lilivunja bega. Machano hakuinama, kwa sababu mgongo wake haukujua kuinama. Alipiga magoti, wima, akamkalia mapaja, akampasua fulana. Udongo uligeuka matope, matope yakawa mekundu, na harufu yake ikawa ya jikoni, ya chuma na chumvi. Watu wa mashimoni walisimama kuangalia. Hakuna aliyesogea. Walikuwa wameshawahi kuwa chini ya nyundo hiyo, wote.

Sikudhani alimshika mumewe mkono. Machano alimsukuma kwa kiwiko, naye akaanguka chini, mdomo umejaa damu yake mwenyewe. Na hapo mgeni, akiwa amebanwa, uso udongoni, alipiga ukelele.

"Sikudhani!"

Hakuna aliyekuwa amemtajia jina lake.

Nyundo ilisimama hewani. Kwa kitambo kidogo hata mvumo wa Mji ulionekana kusikiliza. Sikudhani alimtazama mumewe usoni, akangoja. Aliona jicho lile lisilokuwa lake likilia. Aliona kwamba amesikia alichosikia yeye, na ameelewa alichoelewa yeye, na kwamba jambo hilo halikumpunguzia hamu, lilimwongezea. Alipiga. Alipiga kwenye waya, ukakatika kwa mlio mwembamba. Alipiga juu yake, alipiga chini yake, kwa mpangilio, mpaka mgongo ukawa vipande vitatu kama desturi inavyotaka, halafu akaendelea. Alikuwa anaguna kwa kila pigo, mguno wa mtu anayekula baada ya njaa ndefu. Aliendelea hata pale ambapo hapakuwa tena na mtu wa kupigwa, wala mgongo, ila nyundo na udongo.

Kisha akasimama. Akafuta uso kwa kanzu yake nyeusi. "Twende," alisema. "Maandishi yanakaribia koo."

Wakashika njia. Sikudhani alitembea nyuma yake, macho kwenye mgongo ule ulionyooka, akijaribu, kwa haki kabisa, kumtafuta. Hakutaka kumhukumu. Wamempiga nondo, alijiambia. Wamempiga ndoo. Mimi ndiye niliyezika kifupi. Damu ile iko kwenye kucha zangu pia. Na mtu anaweza kufanya jambo moja la kutisha akabaki ni yeye. Alichukua kumbukumbu moja moja, akaipima juu ya mwili ule kama mshonaji anavyopima kitambaa: mzaha wake kitandani, namna alivyopuliza chai ya mwenzake kabla ya yake, usiku aliomkanda miguu mpaka akasinzia ameishika. Kila moja aliiweka juu ya mgongo ule, na kila moja iliteleza ikaanguka barabarani. Akajiuliza, basi yuko wapi? Na jibu lililomjia halikuwa maneno. Lilikuwa sauti ya mgeni, mdomo umejaa udongo, ikimwita.

Langoni, Sauti iliwapokea kwa upole ule ule.

"Karibuni tena. Shahidi asogee. Mwenye jina asizungumze."

Sikudhani alisogea. Machano alisimama ubavuni pake. Maandishi yalikuwa yamelizunguka koo lake kama kamba. Alimgusa mkewe kwa kidole chenye damu, kiunoni, kama anayemkumbusha mtoto jibu.

"Umelala karibu na mwenye jina hili?"

"Nimelala."

"Unajibu kwa hiari?"

"Kwa hiari."

"Jina hili, Machano, liko katika miili mingapi?"

Ilikuwa rahisi. Neno moja tu, na watarudi nyumbani. Atanunua chungu kingine. Watu wa bombani watamsalimia mumewe kwa jina, na yeye atamwita kwa jina hilo, naye ataitika. Na kila usiku atalala kando ya kitu kilicholala chali, macho wazi, kinachojua kupiga baada ya kusikia. Alihisi kidole kikimsukuma kiunoni. Alihisi, katika shavu lake, bonde ambalo sasa halikuwako popote duniani.

"Hakuna," alisema Sikudhani. "Hauko hata mmoja."

"Asante. Uthibitisho umekamilika."

Machano alikuwa amesikia neno la mwisho tu, "mmoja", kwa kuwa ndilo alilokuwa akilingoja. Alicheka. Alivuta kola ya kanzu, akainamisha kidevu kadiri mgongo ulivyomruhusu, akatazama. Maandishi yalikuwa yamefutika. Ngozi ilikuwa safi, bila hata kovu.

"Yametoka," alisema. "Angalia, mke wangu. Yame—"

Macho yakatulia katikati ya neno, mwili ukaanguka ulivyo, na safari hii haukuamka.